Waya Uliopita kwa Shosho

Injinia alikuwa na tabia ya kuukata mtandao wake mwenyewe. Alikuja mchana, watu wakiwa wamezama kazini, akafungua kabati moja la ukutani, akachomoa waya, akasimama ameushika kwa vidole viwili kama mtu aliyemkamata panya kwa mkia. Kisha akageuka kuutazama ukumbi. Kama hakuna kichwa kilichoinuka, aliurudisha waya, akafunga kabati, akaja kusimama kwenye mlango wa jiko langu mpaka nimpe chai. Hakuwahi kusema anataka chai. Alisimama tu.

Mimi ndiye niliyekuwa nikipika chai hiyo. Nafagia pia, napiga deki, na nashika funguo za makabati kwa sababu wengine wote huzipoteza. Shule niliishia darasa la nane. Nayasema haya ili ijulikane kwamba mambo ya mtandao nitakayoyaeleza ni yale niliyoyaona kwa macho au niliyoambiwa na yeye mwenyewe. Alinieleza mengi, si kwa sababu alinipenda kuliko wengine, ila kwa sababu jikoni kulikuwa na kiti. Mhandisi mwingine akisoma hapa na kuona nimekosea, kosa ni langu, si lake.

Ukumbi wetu uko mtaa wa Baba Dogo, ndani ya ghala la zamani lililokuwa la sabuni. Siku za jua kali kuta bado hutoa harufu ya sabuni. Ndani kuna kompyuta zaidi ya mia mbili, na mbele ya kila kompyuta kuna kijana aliyevaa hedifoni. Anawasikiliza watu wa nchi za mbali wakizungumza na kuyaandika maneno yao papo hapo. Upande ule mwingine kuna mtu asiyesikia anayeyasoma: mwanafunzi yuko darasani, mgonjwa yuko mbele ya daktari. Mtandao ukikatika, mtu huyo anabaki anaangalia midomo ikichezacheza. Injinia alikuwa akisema mtu huyo ndiye anayemjengea, si kampuni. Alisema hivyo hata mbele ya kampuni.

Alikuwa amestaafu kazi ya simu alipoitwa aje kuuchora mtandao wetu, kabla kompyuta hazijaingizwa ndani. Michoro yake niliiona ikiwa imebandikwa ukutani na sikuielewa. Siku moja akachukua vikombe vyangu vinne na kuvipanga juu ya meza.

"Hivi ni makabati," akasema. "Mawili nusu hii ya ghala, mawili nusu ile. Kila kabati limeshikana na jirani zake wa pande zote mbili kwa faiba, waya wa kioo. Umeona? Imekuwa duara."

Nikasema nimeona.

"Mwanga unapita humu. Sasa mimi nikikata hapa," akapitisha kisu cha mkate kati ya vikombe viwili, "mwanga unageuka unazunguka huku. Aliyekaa kwenye kompyuta hajui kitu."

"Basi ni vizuri."

"Bado si vizuri. Ngoja."

Akaweka kibiriti katikati ya vikombe, kiwe badala ya ukuta. Ghala letu limegawanywa na ukuta mnene wenye mlango mmoja tu, mlango ambao mikokoteni, mashine na watu wote hupita. Ukipitisha nyaya zote mbili za duara juu ya mlango huo, alisema, umejidanganya. Moto mmoja pale, au panya mmoja mwenye bidii, au mashine moja ya kubebea mizigo iliyoinuliwa juu kupita kiasi, itazikata zote mbili pamoja, na duara lako litakuwa duara la kwenye karatasi. Kwa hiyo waya mmoja ungepita juu ya mlango, na wa pili ungetoka kabisa nje kwa ukuta wa nyuma, upite ndani ya bomba kwenye uwanja wa jirani, ndipo urudi ndani kwenye nusu nyingine ya ghala.

Jirani huyo ni Shosho. Kila mtu anamwita Shosho, yaani nyanya, hata watu waliomkaribia kwa umri. Ana nyumba ya mabati, kuku, na sukumawiki kidogo, na amekaa kwenye kiwanja hicho tangu viwanda vingine vikiwa bado ni vichaka. Kampuni ilimpelekea mkataba atie sahihi. Akaurudisha.

"Karatasi nimeona nyingi," alimwambia Meneja wetu, mimi na Injinia tukiwepo. "Bomba lenu likiniangukia, karatasi itakuja kuliinua? Mimi nataka mtu. Huyu wa koti. Awe anakuja mwenyewe kuangalia kitu chake, na akija anywe chai kama watu. Siku asipokuja, mimi natoa."

Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano yote. Kila Alhamisi Injinia alikwenda kwa Shosho, akaliangalia bomba lililofungwa chini ya paa na waya wake ndani, akakaa kwenye benchi, akanywa chai, akatoka. Usalama wa ukumbi mzima ulikuwa juu ya mzee mmoja kwenda kunywa chai. Alilijua hilo na lilimkera.

"Sehemu dhaifu ya mtandao huu si kioo," aliniambia mara nyingi. "Ni mimi."

Sasa amefariki. Tulimzika kwao Ukambani, sisi tuliopewa ruhusa, wengine wakabaki kwenye kompyuta zao kwa sababu kazi ile haisimami. Nimekaa nikafikiri watu wanamkumbuka vipi, na naona wengi wanakumbuka ukali wake. Hawasemi uongo. Alikuwa mkali.

Ukimwendea kumwambia mambo yanaenda vizuri, alikuuliza, "Umeona au umeambiwa?" Ukisema umeambiwa, alikupa mgongo. Mafundi wadogo walipomaliza kufunga waya na kumwambia unafanya kazi, aliwajibu, "Hilo sijauliza. Niambie ukikatika itakuwaje." Kuna msichana fundi, mwenye bidii kweli, aliyelia chooni kwa sababu Injinia alimfanya afungue kabati zima na kulifunga upya kwa ajili ya waya mmoja uliokunjwa vibaya. Nilimpelekea maji. Nilipotoka huko nikamwambia Injinia amemliza mtoto wa watu. Kesho yake alimletea yule msichana koleo zuri la kukatia faiba, akaliweka mezani pake, akaondoka. Msichana akaniuliza ile ilikuwa msamaha au kazi zaidi.

Kuhusu kukunja waya nilimwelewa mapema, kwa sababu aliniharibia sufuria. Faiba ni kioo, chembamba kama unywele, na ukiikunja kona kali mwanga hutoroka njiani. Mafundi walikuwa wakiikunja kwenye pembe za ukuta kama wanavyokunja waya wa stima. Siku moja akaingia jikoni, akazitazama sufuria zangu zote, akabeba ile ya ugali wa watu kumi. Nikadhani amechanganyikiwa. Akaenda nayo ukumbini, na kila penye kona akaishikilia ukutani na kuwaambia mafundi wapitishe waya kuizunguka, usibane zaidi ya hapo. Sufuria ilirudi jioni ikiwa na gundi ya utepe pande zote. Niliisugua kwa jivu na haikutoka. Kwa muda mrefu vijana walipokuwa wakila ugali wangu walisema una faiba.

Watu waliokuwa wakimtania walikuwa wengi, lakini aliyekuwa na mdomo zaidi ni Kevo, kijana wa Dandora aliyekaa kwenye benchi la kwanza.

"Niaje Injinia. Leo unatukata ama?"

"Fanya kazi."

"Hiyo si jibu, mzee. Nijue kama nitasali."

"Sali. Halafu fanya kazi."

Kevo ndiye pia aliyelalamika sana kuhusu mpango wa viti. Injinia alikataa benchi moja lote liungwe kwenye kabati moja. Kila mtu na aliyekaa karibu naye waliungwa kwenye makabati tofauti, mmoja huku, mwingine kule, mmoja huku, mwingine kule, mpaka mwisho wa benchi. Nyaya zilipishana chini ya meza na mimi nilizichukia kwa sababu ya ufagio. Vijana waliona ni wazimu wa mzee. Kisha kabati moja likaungua kwa stima kurudi na nguvu nyingi baada ya kukatika. Nusu ya kompyuta za upande ule wa ghala zikazima. Lakini kila aliyezimiwa alikuwa na mwenzake ubavuni ambaye hakuzimiwa, na tayari walikuwa wameshafundishwa la kufanya: mwenye kompyuta hai alisogeza kiti, wakachukua sauti zote mbili, mmoja akaandika huku mwingine akimsomea. Kazi ilikwenda kwa kuchechemea mpaka jioni, lakini ilikwenda. Tangu siku hiyo Kevo akamwita jirani yake wa benchi, kijana mwenye ndevu nyingi, "bibi yangu."

Jambo ambalo hakulipanga vizuri ni wezi. Alichagua kioo badala ya shaba kwa sababu jirani wa upande mwingine anachomelea vyuma kutwa nzima, na mashine zake huharibu mawasiliano ya waya wa shaba, hayo alinieleza. Akafikiri pia wezi hawatagusa kioo kwa vile hakina bei kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Alisahau kwamba mwizi hajui kilichomo mpaka akate. Waya wa nje ukakatwa mara kwa mara katika miezi ya mwanzo, vipande vikiwa vimeachwa palepale, vimechunwa ngozi na kutupwa kwa hasira. Mtandao haukuzima hata mara moja, duara lilikuwa likifanya kazi yake, lakini kila mara alilazimika kuja kuunga upya.

Kampuni ilitaka kuweka askari. Injinia akachukua kipande kilichochunwa, akakitundika getini kwa msumari, nyuzi za kioo zikiwa zimechanuka nje kama ndevu za mahindi. Kisha akakaa pale getini asubuhi nzima. Kila mkusanyaji wa chuma aliyepita na gunia lake, alimwita.

"Kijana, njoo. Shika. Vunja. Umeona shaba?"

"Hakuna, mzee."

"Waambie wenzako."

Mmoja akamwuliza, "Sasa mzee, mbona mnaweka kitu haina faida?" Injinia akacheka, na ndiyo mara pekee niliyomwona akicheka mbele ya mtu asiyemjua. Waya haukukatwa tena.

Nyumbani kwake alikuwa mtu mwingine. Yule aliyetaka kila kitu kiwe na njia mbili alikuwa na ufunguo mmoja wa nyumba. Bintiye alimsihi atengeneze wa pili, yeye akasema atatengeneza. Aliupoteza soko la Burma, alikokuwa akila nyama Jumamosi, peke yake, nyama ya mbavu na kachumbari isiyo na pilipili, na akakaa kwenye ngazi ya nyumba yake kule Kaloleni mpaka bintiye akatoka kazini. Alikuwa na miwani moja iliyofungwa kwa waya. Alikuwa na koti moja la mitumba la Gikomba lenye mifuko mingi, na lilipofuliwa hakuonekana nje. Nilimwuliza kwa nini mtu kama yeye haishi anavyofundisha. Akasema ya nyumbani yakikatika anayeumia ni yeye peke yake.

Na hakujua kuomba. Hili naliandika kwa uangalifu kwa sababu wengi waliliona kuwa ni kiburi. Alikuwa akieleza. Akitaka ngazi, alikueleza urefu wa ukuta mpaka ukaenda mwenyewe kuleta ngazi. Akitaka chai alisimama mlangoni. Hata kwa Shosho siku ya kwanza, alikwenda akamweleza kuhusu duara, mwanga, mlango mmoja na moto, akamweleza kuhusu mwanafunzi asiyesikia. Shosho alimsikiliza mpaka mwisho akiwa anachambua mboga, na mkataba ulipokuja ndipo akatoa lile sharti lake la chai.

Waligombana sana wale wawili. Shosho alianika blanketi bichi juu ya bomba la waya.

"Mama, hilo bomba si kamba ya nguo," Injinia akasema.

"Liko kwangu ama kwako?"

"Liko kwako."

"Basi ni kamba."

Alhamisi iliyofuata alikuja na miti miwili kutoka kwa maseremala wa Gikomba na kamba mpya ya nailoni. Akachimba mwenyewe, akasimamisha, akafunga. Shosho akashukuru sana. Kuanzia hapo akaanika kwenye kamba na kwenye bomba pia.

Sasa nieleze kuhusu Meneja, kwa sababu bila hilo mtu hataelewa kwa nini Injinia aliishi na wasiwasi. Meneja wetu si mtu mbaya. Ni kijana wa watu aliyesoma, anasalimia mpaka wapiga deki. Kampuni iliongeza chumba cha juu na vifaa havikutosha. Meneja akaangalia, akaona waya unaopita kwa Shosho una vifaa vizuri pande zote mbili, na kwa miezi mingi hakuna chochote kilichopita humo. Ulikuwa umekaa tu. Akamwambia fundi avitoe kwa muda, avipeleke chumba cha juu. Ndani ya kabati waya ukabaki unaning'inia. Injinia hakuambiwa.

Akaja mchana mmoja kama kawaida yake. Akasalimia, akafungua kabati la nusu nyingine, akachomoa ule waya wa juu ya mlango.

Nusu yote ile ya ukumbi ikanyamaza. Mimi nilikuwa jikoni na nikausikia ukimya ule. Vidole vya watu zaidi ya mia moja vikasimama, halafu watu wakaanza kusema. Injinia akaurudisha waya upesi, lakini mitambo huchukua muda kuamka. Nilipotoka nilimkuta amesimama na Kevo amesimama mbele yake, na Kevo hakuwa akitania.

"Mzee, nilikuwa na mgonjwa. Daktari alikuwa anamsomea majibu. Sasa?"

Injinia angeweza kusema ni Meneja. Alikuwa ameshaona kabati, alikuwa ameshajua. Alisema, "Nimewakata. Samahani." Akaenda kwenye kila benchi akasema hivyo hivyo. Meneja alipofika akiwa mwekundu macho, alikubali mbele ya watu kwamba ni yeye aliyetoa vifaa.

"Lakini mzee, ile laini haikuwa inafanya kazi yoyote," akasema. "Inakaa tu."

"Kukaa ndiyo kazi yake," Injinia akamjibu, bila ukali.

Vifaa vilirudishwa wiki hiyo hiyo. Kutoka siku hiyo aliongeza ziara zake kwa Shosho. Alisema watu wa ndani wakishaona njia ya pili haina kazi, itabaki na rafiki mmoja tu, naye ni yule bibi wa nje.

Halafu akaugua. Ilikuwa figo. Alikuja akiwa amevimba miguu, baadaye akawa anakuja na bintiye, baadaye akaacha kuja. Alhamisi ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Meneja alituma kijana mmoja kwenda kuangalia bomba. Shosho akamfukuza, akasema hamjui. Meneja akatuma soda kreti moja. Shosho akaipokea na kumfukuza aliyeileta pia.

Nikakutana naye mwenyewe nikimwaga maji machafu nyuma ya ukuta.

"Mama Sheila, mzee wenu wa waya yuko wapi?"

"Anaumwa, Shosho."

"Anaumwa sana?"

"Sana."

Akarusha mahindi kwa kuku. "Kijana wangu anataka kujenga vyumba vya kukodisha hapo chini ya paa, penye bomba lenu. Nilimkataza kwa sababu ya yule mzee. Sasa kama haji nimwambie nini kijana wangu? Jumatatu fundi anaanza. Nitatoa."

Nilimweleza Meneja. Akasema tutapitisha waya ule mwingine pia juu ya mlango, itakuwa sawa kwa sasa. Alikuwa na huzuni akisema. Nikajua hiyo "kwa sasa" ni ya siku zote.

Jumamosi nikaenda Kaloleni kumwona mgonjwa. Bintiye alinipokea mlangoni, akanishika mkono, akaniambia kwa sauti ya chini, "Akikuuliza ya kazini, mwambie kila kitu kiko sawa. Daktari hataki presha ipande."

Nilikubali. Nilipoingia nilimkuta amekaa kitandani amefunikwa koti lake juu ya blanketi, uso umekonda na miguu imejaa. Alinisalimia, akauliza hali ya mtoto wangu. Kisha akauliza, "Shosho anasemaje?"

Nilijaribu kusema anakusalimia. Niliishia katikati, nikaanza kuchezea kamba ya mkoba wangu.

"Umeona au umeambiwa?"

"Ameniambia mwenyewe. Jumatatu anatoa. Kijana wake anajenga."

Bintiye akaguna nyuma yangu. Mpaka leo sijui kama nilifanya vizuri. Injinia akamwambia binti amletee viatu.

"Baba, huwezi."

"Gari si lako? Mimi nitakaa tu."

Walibishana Kikamba, sikuelewa yote. Mwisho binti akaleta viatu, akafungua kamba zake kabisa ili miguu iingie, tukamshika huku na huku mpaka kwenye gari. Tulipofika Baba Dogo binti akapunguza mwendo kwenye geti letu, akauliza kama aanze kwa ukumbi, watu wamwone. Jumamosi watu wa zamu walikuwa ndani na sauti ya vibodi ilisikika mpaka nje.

"Hapana," akasema. "Nikiingia watasimama kunisalimu. Pita."

Shosho alikuwa amekaa nje ya mlango wake anachambua kunde. Akatuona tukimshusha. Hakuinuka. Alitutazama mpaka tukamfikisha kwenye benchi na kumkalisha, ndipo akaweka sinia chini.

"Umekonda vibaya," akamwambia.

"Na wewe umenenepa."

"Mimi nakula. Si kama wewe wa kula waya."

Akaingia ndani akatoka na chai. Injinia alikuwa amekatazwa maji mengi, bintiye akafungua mdomo kusema, yeye akamwinulia mkono. Akanywa kidogo. Akaliangalia bomba lote, kutoka ukuta mpaka ukuta. Lilikuwa na sweta ya mtoto na soksi zimeanikwa juu yake. Hakusema kitu kuhusu hilo. Nilidhani ataanza kueleza, kama alivyozoea, kuhusu duara na mlango mmoja.

"Mama," akasema, "nimekuja kukuomba. Huo waya usiutoe. Nakuomba."

Shosho akamtazama. "Miaka hiyo yote," akasema, "leo ndiyo unaniomba."

"Leo."

"Ulikuja hapa siku ya kwanza ukanifundisha kama mtoto wa shule. Mimi nikasema huyu mzee amelelewa wapi, hajui neno naomba. Nikasema basi nitamfanya awe anakuja mpaka alijue."

Injinia akashusha kikombe. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikashtuka nikadhani ni maumivu. Alikuwa anacheka, na Shosho pia akacheka, mpaka kuku wakasogea.

Walipotulia, Shosho akapangusa macho kwa khanga. "Kijana anaweza kujenga upande ule wa mboga. Mboga nimechoka nazo. Lakini neno langu bado ni lile. Mimi nataka mtu. Wewe hutakuja tena, usinidanganye."

"Sitakuja," akasema. Binti akageuka akatazama ukuta.

"Sasa nani?"

Injinia akanyoosha kidole kwangu. Hakuwa ameniambia chochote, wala njiani wala nyumbani. Nilikuwa nimesimama karibu na ile kamba ya nailoni na mkoba wangu kifuani.

Shosho akanitazama kuanzia miguuni. "Huyu namjua, ni wa chai. Anajua nini kuhusu waya?"

"Hajui kitu."

"Sasa atakuja kuangalia nini?"

Injinia alifikiri. Alikuwa amechoka, na alijibu polepole, akipumua kati ya maneno. "Ataangalia kama upo. Kama haupo atasema haupo. Huyu hawezi kudanganya, hata ukimfundisha mlangoni."

Binti akanitazama upesi, kisha akatazama chini.

"Kuja tu?" Shosho akauliza.

"Kuja tu."

Shosho akaokota sinia lake la kunde, akaliweka mapajani, akaendelea kuchambua. Kisha akasema, bila kuinua macho, "Basi mwambie akae. Mbona amesimama kama amekuja kudai?"

Injinia akashika ukingo wa benchi kwa mikono miwili, akajivuta mpaka mwisho kabisa, akaniachia nafasi. Nikakaa.